Mume wa Sikitu Aliyeliliwa na Mtukufu

Nchi yenyewe hatutaitaja, kwa sababu kuitaja kunahitaji kibali, na kwenye ofisi ya vibali foleni imefika barabarani. Itoshe kusema kwamba ilikuwa nchi yenye bahati. Mkuu wake, Mtukufu Baba wa Wote, alijaliwa huruma kupindukia, akawa mwepesi wa kulia. Alilia kwenye gwaride, alilia kwenye harusi za mawaziri, na siku moja alilia akifungua soko la vitunguu, ingawa hapo maadui wa maendeleo walisema yao.

Ndipo Bunge likatunga Sheria ya Machozi. Ni sheria fupi: jambo lolote lililomliza Mtukufu ni kweli, wala halihitaji ushahidi mwingine. Maana itawezekanaje machozi ya Mtukufu yadondoke bure? Kila alikokwenda alifuatana na karani mwenye daftari na saa, na karani aliandika amelia saa ngapi na kwa jambo gani. Basi. Lililoandikwa limekuwa.

Kwa sheria hiyo nchi ilisonga mbele haraka sana. Chukua Daraja la Mto Mwasha. Mtukufu alionyeshwa mchoro wake tu, akalia kwa furaha saa tatu na nusu asubuhi, na kuanzia saa tatu na nusu daraja likawepo. Lipo mpaka leo kwenye vitabu vya takwimu, na wananchi hulivuka kwa kuogelea.

Sasa huko ng'ambo ya daraja hilo palikuwa na shule ya msingi, na shule ilikuwa na mpishi, jina lake Sikitu. Mwanamke mnene kiasi, mwepesi wa kusema, mzito wa kuamini. Mumewe, Pazi, alikuwa fundi baiskeli upande wa mjini, mtu mpole ambaye hata akigongwa na baiskeli aliuliza kwanza kama baiskeli imeumia. Hawakujaliwa mtoto. Waliokuwa wakiwaita mama na baba ni watoto wa shule.

Mwaka wa mafuriko, gari la serikali lilileta mitihani ya darasa la saba mpaka ukingoni. Afisa akayatazama maji, akaitazama barua inayosema daraja lipo, akaiamini barua kama impasavyo mtumishi mwadilifu. Akashusha maboksi kwenye matope, akaandika "yamevuka," akaondoka zake. Sikitu alikuwa hapo hapo na mumewe, aliyekuwa ametoka kumzibia tundu la sufuria kubwa la ugali. Akaona maboksi yanaanza kulowa. Ng'ambo walikuwa watoto arobaini na mmoja, wamechonga penseli, wanasubiri.

"Pazi," akasema, "lete kamba."

Pazi akafunga kamba kwenye mti, akaingia majini mpaka kifuani, akaishika. Sikitu akajaza karatasi kwenye sufuria, akalifunika, akalifunga kwa khanga, akajitwika. Alivuka mara nne. Pazi alisimama majini saa tano mfululizo, mikono ikachunika. Watoto wote arobaini na mmoja wakafanya mtihani kwenye karatasi kavu. Jioni Sikitu akarudi jikoni, Pazi akarudi kwenye baiskeli zake, na kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyewaambia hata ahsante.

*

Mwaka wa kumi na tatu Wizara ya Hamasa iliishiwa mashujaa, kwa kuwa wale wa zamani wengi walikuwa kifungoni. Waziri wake, Mheshimiwa Luziga, alikuwa mtu wa kuvaa suti tatu kwa siku na kuita kila kitu "cha kihistoria." Akasikia habari ya mpishi na sufuria. Akatuma watu wenye kamera, na baada ya miezi minane ikatoka filamu ya maisha halisi ya mtu halisi, *Sufuria la Uzalendo*.

Sikitu na Pazi wakaalikwa siku ya uzinduzi, asubuhi, ukumbi mkubwa, kiti cha mbele. Pazi alinunua karanga. Filamu ilikuwa nzuri, asiseme mtu. Sikitu wa kwenye filamu alikuwa mwembamba na alizungumza na bendera. Daraja nalo lilikuwepo, limenyooka, linang'aa, ila mashujaa walichagua kupita majini kwa uzalendo, wasije wakalichakaza.

Kisha, kwenye safari ya nne, kamba ikakatika. Pazi wa kwenye filamu akachukuliwa na maji huku akiimba wimbo wa taifa, beti zote tatu, na kiitikio.

"Khaa!" Sikitu akasema kwa sauti.

"Ssh," Pazi akamwambia. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Siki, nimekufa vizuri sana."

Nyuma yao ukumbi mzima ulikuwa umenyamaza, kwa sababu Mtukufu alikuwa analia. Si kulia kidogo. Alilia mpaka mabega yakatikisika, na karani wake, binti aitwaye Nyamizi, akatazama saa, akaandika: saa nne na dakika kumi, kwa kifo cha Pazi, fundi baiskeli.

Walipokuwa wakitoka, Mheshimiwa Luziga alimshika Sikitu mikono yote miwili. "Mama Shujaa, pole sana kwa msiba."

"Msiba gani, Mheshimiwa? Mume wangu si huyu hapa?"

Waziri akamtazama Pazi kwa heshima kubwa, kama mtu anavyotazama picha iliyotundikwa ukutani. "Wataalamu wetu wamethibitisha kwamba mjane huhamasisha kuliko mke," akasema. "Pumzika kwa amani, mzee."

"Ahsante," Pazi akajibu, maana alilelewa kujibu.

*

Wiki haikuisha, maafisa wa Ulinganifu wakapiga hodi. Kazi yao ilikuwa kuhakikisha kwamba watu halisi wanafanana na filamu zao, taifa lisije likachanganyikiwa. Walikuwa na orodha. Mjane wa kwenye filamu huvaa kaniki nyeusi. Sikitu akavishwa kaniki. Mjane wa kwenye filamu ana sahani moja, kikombe kimoja, na mto mmoja kitandani, akiukumbatia. Wakachukua vilivyozidi, wakaandika risiti.

Na wala hawakuwa watu wabaya. Adabu yao ilikuwa ya kupigiwa mfano.

"Shikamoo, Marehemu," walimwambia Pazi. "Samahani, Marehemu, utusogelee pembeni kidogo tupime kitanda."

"Marahaba, marahaba," Pazi alisema, akasogea.

Mji mzima ukazoea. Wenye baiskeli mbovu walisimama mlangoni mwake, wakazitazama baiskeli zao, wakasema kwa huzuni, "Ah, angekuwepo Pazi!" Kisha wakaziacha hapo, wakarudi kesho kuzichukua zimeshatengenezwa, wakimshukuru Mungu. Zahanati ilimnyima dawa ya kifua kwa sababu za kitaalamu. Jirani yao wa ukutani, ambaye kila siku walicheza naye bao, sasa alicheza peke yake mbele ya Pazi, akimsogezea kete kwa siri.

Pazi alicheka nayo mwanzoni. Sikitu hakucheka hata siku moja. Mwanamke akiona mumewe anasalimiwa kama kaburi, moyo unamwenda mbio. Alikuwa akiamka na kumgusa kifuani kuhakikisha, kisha anajilaumu kwa kuhakikisha.

"Litapita tu," Pazi alimwambia, wakila kwenye ile sahani moja. "Wakitengeneza filamu nyingine watatusahau."

Hawakusahauliwa. Mheshimiwa Luziga alikuja mwenyewe, na suti ya pili ya siku hiyo, akaketi kwenye kigoda, akafuta jasho.

"Mama Shujaa, habari njema, ya kihistoria. Tarehe kumi mwezi ujao taifa linamzika mumeo. Maziko ya heshima, mizinga ishirini na moja, na Mtukufu atakuwepo."

Sikitu alikuwa anachambua mchele. Mkono ukasimama. "Mnamzika nani?"

"Marehemu."

"Mheshimiwa, marehemu huyo hapo anakunywa chai!"

"Nimemwona. Anaendeleaje?"

"Mnataka kumuua?"

Waziri aliumia kweli kweli. Hata macho yalimlowa, ingawa machozi ya waziri hayana nguvu ya kisheria. "Mama, usituvunjie heshima. Serikali hii haijawahi kuua mtu. Kifo kilishapita, saa nne na dakika kumi, kimeandikwa. Kilichobaki ni maziko tu. Kaburi likiwa tupu mbele ya Mtukufu, si ulaghai huo? Kwa hiyo tarehe kumi, saa mbili asubuhi, tutakuja kumchukua. Avae vizuri."

Alipoondoka, Pazi aliendelea kushika kikombe mpaka chai ikapoa. "Siki," akasema polepole, "hawa watu hawatanii."

*

Kesho yake Sikitu akafunga kaniki yake kiunoni, akaenda Ofisi ya Vizazi, Vifo na Machozi. Nyuma ya meza alikuwa Nyamizi, yule karani. Alimwona, akasimama upesi, akapiga goti.

"Shikamoo, Mama Mpishi."

Sikitu akamkazia macho, kisha akakumbuka. Nyamizi wa darasa la saba! Kale katoto kembamba kalikokuwa kakiomba ukoko kila siku. Kalikuwa mmoja wa wale arobaini na mmoja.

"Marahaba, mwanangu. Nyamizi, wewe ndiye uliyeniandikia mume wangu amekufa?"

"Ndiyo, mama." Nyamizi alitazama chini. "Mtukufu alilia. Ningefanyaje? Nilikuwa naandika huku Baba Pazi nikimwona kisogo, anatafuna karanga."

"Basi futa."

"Haifutiki, mama. Ila kuna njia moja." Akafungua kabati, akatoa fomu yenye vumbi, akaiweka mezani bila kuisukuma. "Ukisema filamu ni ya uongo, uchunguzi utafunguliwa, na maziko yatasimama. Lakini, mama, filamu ikiwa ya uongo, ni ya uongo yote. Ushahidi pekee kwamba mitihani ilivuka mto ni hiyo filamu. Karatasi za elimu zinasema ilipita darajani, ila hazikubaliki bila afisa aliyeziandika, naye alishastaafu. Kwa hiyo hakuna aliyefanya mtihani. Vyeti vyetu vinafutwa, vyote arobaini na kimoja. Na vya sekondari vilivyofuata. Na kazi."

Sikitu akaketi. Aliwajua wote walipo. Mmoja alikuwa mkunga kule ng'ambo, watatu walimu, mmoja dereva wa gari la wagonjwa, na huyu hapa mbele yake, ambaye mama yake mzazi alikuwa kipofu na hakuwa na mwingine wa kumlisha.

"Saini, mama," Nyamizi akasema. "Mimi sitakulaumu. Nilikula chakula chako miaka saba."

Sikitu akaishika kalamu. Akaiweka chini. Akaishika tena. Moyoni alikuwa anamtukana kila mtu: Waziri, Mtukufu, mto, hata Pazi kwa kuwa mpole. Mwishowe akasukuma fomu, akatoka nje, akalia barabarani mchana kweupe kama mtoto, na machozi yale hayakuandikwa popote.

*

Alipofika nyumbani na kumweleza Pazi, mzee yule alitikisa kichwa. "Usisaini. Nilisimama kwenye yale maji saa tano, Siki. Unataka nionekane nilikuwa naoga?"

"Basi wakuzike?"

"Sijasema hivyo."

Siku mbili Sikitu hakula. Ya tatu alikuwa anakoroga uji, akaacha mwiko humo humo, akatoka na kaniki imechanika upande, moja kwa moja mpaka Wizarani, akaingia bila kugonga.

"Mheshimiwa," akasema, akihema, "mume wangu alifia wapi?"

"Mtoni."

"Mto upi? Mimi nilikuwepo mtoni, sikumwona akifa. Alifia kwenye filamu. Au siyo?"

Waziri akafikiri. "Kwenye filamu, naam."

"Aliyefia mahali, maiti yake iko wapi? Si iko hapo alipofia? Basi maiti mnayo wenyewe, imo kwenye mkanda. Zikeni mkanda!"

Mheshimiwa Luziga alinyanyuka kwenye kiti. Alizunguka meza mara mbili. Akapigia simu wanasheria, akapigia simu wachonga majeneza kuuliza kama wana saizi ya mkanda, kisha akarudi akiwa anang'aa. "Mama, hii ni ya kihistoria. Nchi ya kwanza duniani! Nimekubali. Isipokuwa..."

"Isipokuwa nini tena?"

"Kama Marehemu yumo kwenye mkanda, huyo anayekunywa chai kwako ni nani?"

Waziri akahesabu kwa vidole.

"Si marehemu, maana marehemu tunamzika. Si mumeo, maana mumeo ni marehemu. Ni mtu tu, basi. Uvumi umeshamfikia Mtukufu, na atauliza. Wewe sema neno moja: simjui. Naye aseme hakujui. Halafu kila mtu anarudi nyumbani, na mimi sitatuma tena watu kuhesabu sahani. Nakuapia."

Sikitu aliligeuza neno lile mdomoni njia nzima. Alipomwambia Pazi, aliogopa hata kumtazama, lakini Pazi akacheka, mara ya kwanza kwa wiki nyingi.

"Hilo tu? Mke wangu, miaka ishirini na sita umeniita majina mabaya kuliko hayo. Sema. Maneno hayachubui ngozi. Tukirudi utanijua tena."

*

Tarehe kumi jua lilikuwa kali, na uwanja umejaa. Jeneza lilikuwa dogo, la mninga, limefunikwa bendera, na ndani yake mkanda wa filamu. Wabunge walisoma wasifu wa marehemu kwa saa mbili. Mheshimiwa Luziga alisema Pazi alikuwa amezaliwa akiwa na ndoto ya kufa kwa ajili ya nchi, na kwamba utengenezaji wa baiskeli ulimchelewesha tu. Pazi mwenyewe alisimama upande wa pili wa kaburi, katikati ya watu, na shati lake jeupe. Mizinga ikapigwa. Jeneza likashuka.

Mtukufu akanyanyuka kitini, akasogea. Alikuwa mzee mfupi mwenye macho mekundu, na karibu yake Nyamizi na daftari. Akamnyooshea Pazi fimbo.

"Mama," akasema, na vipaza sauti vikapeleka sauti yake mpaka mtoni, "nasikia kuna mwanamume nyumbani kwako. Ni huyu? Unamjua?"

Sikitu akamtazama mumewe. Aliona kola aliyoishona mwenyewe asubuhi ile. Aliona kovu la kamba kwenye kiganja.

"Simjui, Mtukufu."

Ilikuwa rahisi kutamka, na hilo ndilo lililomtisha.

"Na wewe bwana, mama huyu unamjua?"

Zamu ya Pazi. Alikuwa amejizoeza neno lile nyumbani, akilitamka mbele ya kioo huku akicheka. Hapo halikutoka. Alikohoa. Akafungua kinywa tena, na lilipotoka lilitoka limevunjika vipande vipande. "Simjui... mama huyu. Sijawahi... sijawahi kumwona."

Imekwisha, Sikitu akawaza. Twende nyumbani.

Lakini Mtukufu alikuwa bado amesimama. Aliwatazama wawili wale, mmoja upande huu wa kaburi, mmoja upande ule. Kidevu kikaanza kumcheza.

"Maskini wee," akasema. "Mjane wa shujaa, hana hata mtu mmoja anayemjua duniani!"

Na akalia.

Mheshimiwa Luziga aliinamisha kichwa. Hata yeye, kwa haki, hakuwa amelipanga hilo. Nyamizi alikuwa ameshika kalamu juu ya daftari, haishuki. Sikitu alimtazama binti yule na kumsihi kwa macho, na binti alimtazama Sikitu, na chozi la Mtukufu likadondoka kwenye ukurasa, pap. Walinzi wakasogea hatua moja. Nyamizi akatazama saa yake.

"Saa tano na robo," akasema kwa sauti ndogo, akaandika.

*

Walirudi njia mbalimbali, kwa sababu watu wasiojuana hawaongozani. Sikitu alifika kwanza. Mlangoni alimkuta afisa wa Ulinganifu, kijana yule yule mwenye adabu, ameshika orodha mpya yenye kipengele kimoja: mjane hana mtu anayemjua.

"Shikamoo, mama. Mimi nitakuwa hapa tu. Usijali, sitakusumbua."

"Waziri aliapa hatatuma mtu!"

"Aliapa kuhusu sahani, mama. Haya ni mambo ya watu."

Muda si mrefu Pazi akatokea kwenye kona, shati limelowa jasho, anatembea polepole. Alimwona afisa. Alipunguza mwendo, lakini hakusimama. Miguu ilikuwa imezoea kuingia mlango ule.

"Hodi," akasema.

Sikitu alisimama kizingitini. Alitaka kusema ingia, chakula kipo. Afisa alikuwa ameshafungua kalamu.

"Mama, mjibu mgeni," akamkumbusha kwa upole.

"Karibu," Sikitu akasema. "Nani... nani mwenzangu?"

Pazi akafungua kinywa. Jina alilokuwa nalo lilikuwa limezikwa saa tano, kwa mizinga ishirini na moja. Akafunga kinywa. Afisa akaandika kitu kifupi.

"Nimepotea, mama," Pazi akasema mwishowe. "Natafuta kwangu."

"Kwako... si hapa, bwana." Alifikiria kumrukia, kumvuta ndani na kufunga mlango. Kisha akafikiria kalamu ile, na wale arobaini na mmoja, na kaburi ambalo lingechimbwa tena, safari hii si la mkanda. "Nenda mbele. Ukifika huko mbele, uliza tena."

Akanyoosha mkono kumwonyesha njia. Pazi akaufuata ule mkono kwa macho, akaitika kwa kichwa, akasema "Ahsante, mama," akaenda. Aligeuka mara moja tu. Sikitu alibaki pale pale, mkono umenyooka kuelekea barabarani, mpaka afisa alipoweka orodha chini na kumsaidia kuushusha.